Fremu ya Kaboni: Anza na Mikono

Leo nazungumza na wale wanaojiundia droni zao wenyewe nyumbani, wenye bisibisi, chuma cha kulehemu na betri mezani, wanaounganisha mota nne na mapangaboi manne mpaka kitu kinyanyuke. Kila anayeanza ufundi huu hufika kwenye swali lile lile: ninunue fremu gani ya kaboni? Akiingia kwenye maduka ya mtandaoni anakuta fremu kwa mamia, zote nyeusi, zote zimesifiwa kuwa nyepesi na ngumu. Picha zenyewe zinafanana, na mwishowe mtu huchagua kwa bei au kwa rangi ya skrubu.

Mimi nasema: itazame mikono. Ukishamaliza kuichunguza mikono, ndipo uangalie mengine.

Chukua fremu ya kawaida ya inchi 5, yaani inayobeba mapangaboi yenye kipenyo cha inchi 5. Ina vipande vichache. Kuna bamba la chini, bamba la juu, nguzo fupi za alumini zinazoyatenganisha, kamera imekaa mbele, na mikono minne imejitokeza pembeni ikiwa imebeba mota kwenye ncha zake. Bamba la juu likipata ufa, utarusha na kurudi nyumbani. Mkono ukikatika angani, safari imekwisha hapo hapo. Tena droni inapoanguka, kinachotangulia kugonga ardhi, ukuta au shina la mwembe karibu kila mara ni ncha ya mkono. Uzito wa mota uko huko, nguvu ya kunyanyua iko huko, na mtetemo unaanzia huko. Kwa hiyo pesa yako ya fremu, kwa kweli, unanunulia mikono.

Sasa tuingie ndani ya kaboni yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wanapowachanganya watu. Bamba la kaboni ni tabaka kadhaa za nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi, zikabanwa na kupashwa moto mpaka zikawa kitu kimoja. Uzi mmoja una kipenyo cha kama mikroni 7, yaani sehemu saba za elfu za milimita. Nyuzi nyingi za aina hii hupatikana kwa kuchoma nyuzi za plastiki iitwayo poliakrilonitraili, kwanza penye hewa kwa joto la sentigredi mia mbili na kitu, kisha mahali pasipo na oksijeni kwa zaidi ya sentigredi 1,000, mpaka ibaki karibu kaboni tupu. Mjapani Akio Shindo, aliyekuwa mtafiti katika taasisi ya serikali mjini Osaka, ndiye aliyeifungua njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kampuni ya Toray ya huko huko Japani ikaanza kuzitengeneza nyuzi hizo kibiashara mwaka 1971.

Kwenye tangazo la fremu utakuta maandishi "3K", na watu wengi hudhani hilo ni daraja la ubora. 3K inakuambia kwamba kila fungu moja la nyuzi lililotumika kufuma kitambaa lina nyuzi 3,000. Ni habari ya ufumaji, wala haikuelezi lolote kuhusu uimara wa bamba. Na ule ufumaji wa kupendeza unaouona juu, mtande na mshindio vikipishana kama vyumba vya drafti, mara nyingi ni tabaka ya juu na ya chini tu. Katikati zimelazwa tabaka za nyuzi zisizofumwa, zote zikielekea upande mmoja, halafu tabaka inayofuata ikakingama. Si udanganyifu, maana nyuzi zilizonyooka hufanya kazi vizuri kuliko zilizopindapinda katika ufumaji. Ila mnunuzi ajue kwamba anachokiona juu hakimwambii kilichomo ndani.

Utakuta pia "T300" na "T700". Haya ni majina ya nyuzi za Toray, na tofauti yake inafaa kueleweka. Uzi wa T700 huvumilia kuvutwa kwa nguvu kubwa zaidi kabla ya kukatika: kama gigapaskali 4.9, wakati T300 ni kama 3.5. Lakini ukakamavu wake, yaani jinsi unavyokataa kupinda au kunyumbuka, ni ule ule, gigapaskali 230 kwa zote mbili. Kwa hiyo mkono wa T700 wenye unene na mpangilio ule ule utachelewa kukatika ukianguka, lakini mtetemo wake angani hautapungua. Muuzaji anayekuahidi kwamba T700 itaifanya droni yako iruke kwa utulivu zaidi anakuahidi kitu ambacho uzi huo hauwezi kukileta peke yake. Na kumbuka kwamba uzi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni gundi na jinsi bamba lilivyobanwa, na hiyo haiandikwi popote.

Utaijuaje basi? Shika mkono wa fremu karibu na dirisha, uugeuze kwenye ukingo pale ulipokatwa. Utaona mistari myembamba, tabaka juu ya tabaka. Kwenye bamba zuri mistari hiyo imebanana, ukingo ni mweusi wote, laini ukiupitishia kidole. Kwenye bamba baya utaona vidoa vyeupe, vitundu vidogo vya hewa iliyobaki ndani ya gundi, na pengine ukucha wako utanasa mahali ambapo tabaka zimeanza kuachana. Kisha uweke mkono ule juu ya vidole viwili na uugonge kwa sarafu kuanzia ncha hadi shina. Palipo pazima sarafu inalia kwa sauti kali na kavu. Palipoachana ndani sauti inafifia, inakuwa nzito. Mafundi wa ndege kubwa hutumia njia hii hii ya kugonga kukagua sehemu zilizotengenezwa kwa tabaka. Nawe ifanye kila baada ya anguko kubwa, maana kaboni haina tabia ya kukuonya. Alumini ikiumia inapinda na inabaki imepinda, unaiona. Kaboni hurudi ilivyokuwa, inang'aa vile vile, huku ndani tabaka mbili zimeshaachana.

Tunafika kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha, nalo ni uelekeo wa nyuzi. Kila aliyewahi kupasua kuni anajua kwamba gogo hupasuka kirahisi ukizifuata nyuzi zake, na hukataa kabisa ukilikata kwa kukingama. Kaboni nayo ina nguvu kufuata nyuzi zake. Bamba lililofumwa kwa pembe mraba, likipimwa kufuata nyuzi, lina ukakamavu unaokaribia wa alumini, kwa uzito wa gramu 1.6 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, wakati alumini ni 2.7. Lakini lipime bamba hilo hilo kwa mshazari, katikati ya nyuzi za huku na za kule, na ukakamavu unashuka hadi karibu robo. Bamba moja, pesa moja, lakini kipande kilichokatwa kwa mshazari kinanyumbuka mara nne zaidi.

Sasa fikiria fremu ambayo mikono yote minne na bamba la chini ni kipande kimoja. Baadhi ya watu wa mashindano wanazipenda, na wana sababu: hazina maungio, hazina skrubu nyingi, ni nyepesi. Kama mikono inakatana kwa pembe mraba kamili, mkataji anaweza kuligeuza umbo juu ya bamba ili mikono yote minne ifuate nyuzi. Lakini fremu nyingi mikono yake haikatani hivyo. Kuna zilizorefushwa kwenda mbele na nyuma kwa ajili ya mbio, na kuna zile ambazo mikono ya mbele imetawanywa pembeni ili mapangaboi yasionekane kwenye picha. Hapo, ukikata kipande kimoja, lazima baadhi ya mikono iende kinyume na nyuzi. Mtengenezaji makini hulipunguza tatizo hilo kwa kuongeza tabaka za mshazari katikati, wengine hawajisumbui. Mikono inapokatwa mmoja mmoja, kila mmoja unaweza kulazwa sawasawa na nyuzi. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kupendelea fremu yenye mikono inayotenganishika. Ya pili nitaifikia.

Unene. Hapa hesabu ni ya kustaajabisha, na naomba mnivumilie. Ukakamavu wa mkono dhidi ya kupinda juu na chini hupanda kwa mchemraba wa unene. Mkono wa milimita 5 ni mzito kuliko wa milimita 4 kwa asilimia 25 tu, lakini ukakamavu wake ni karibu mara mbili. Kutoka 5 kwenda 6 unaongeza uzito asilimia 20 na ukakamavu asilimia 70 na kitu. Na hesabu hiyo hukata pande zote mbili. Bamba lililouzwa kama milimita 4 likipimwa likawa 3.8, umepoteza ukakamavu wa kama asilimia 14 kabla hujafunga skrubu ya kwanza. Kwa hiyo nunua kipimo cha venia, hata cha plastiki, na upime kila mkono sehemu tatu.

Urefu nao una mchemraba wake, kwa upande wa kuumiza. Mkono ukirefushwa mara moja na nusu, kwa unene ule ule ncha yake itapinda zaidi ya mara tatu chini ya nguvu ile ile. Ndiyo maana fremu ya mapangaboi ya inchi 7, ya kusafiri mbali, yenye mikono ya milimita 4 ni ya kuachwa dukani hata ikiuzwa nusu bei. Kwa inchi 5 ya kuchezea na kujifunzia, milimita 5 inatosha. Anayejifunza miviringo juu ya uwanja wa zege achukue 6 na asihesabu gramu. Kwa inchi 3 na chini ya hapo, milimita 3 au pungufu kidogo zinakwenda vizuri, maana mkono ni mfupi na mota ni nyepesi.

Kwa nini nasisitiza ukakamavu namna hii? Kwa sababu ya jairo. Ndani ya bodi inayoongoza droni kuna kipima mzunguko hicho, kinachosoma mwendo wa ndege mara maelfu kwa sekunde, na bodi inazirekebisha mota kulingana na kinachosomwa. Mota ya droni ya inchi 5 ikifunguliwa kwa nguvu inaweza kuzunguka mara 30,000 kwa dakika, yaani mara 500 kwa sekunde. Pangaboi likiwa limepinda kidogo, kila mzunguko ni teke moja kwenye ncha ya mkono. Mkono mkakamavu unalipitisha teke hilo kama sauti nyembamba ya juu, ambayo programu inaweza kuichuja. Mkono mlegevu unaitikia kwa sauti ya chini na ya polepole, karibu na mwendo halisi wa ndege, na programu haijui lipi ni tikisiko na lipi ni ndege kugeuka. Inarekebisha kisichohitaji kurekebishwa. Mota zinapata moto, picha inatetema, betri inaisha mapema.

Programu ya Betaflight, inayotumiwa na wengi wetu, tangu toleo la 4.1 la mwaka 2019 inaweza kusoma kasi ya kila mota na kuuondoa mtetemo wa mota hiyo hasa. Ni kazi kubwa ya watu wanaojitolea, nami nawaheshimu. Lakini kila kichujio huchelewesha habari kidogo, na fremu nzuri hukuruhusu kuchuja kidogo. Kijana anayehangaika wiki nzima na namba za Betaflight wakati mkono mmoja umelegea kwenye shina lake anatibu mahali pasipouma.

Mashindano ndiyo yaliyosukuma ufundi huu mbele kwa haraka. Mwezi Machi 2016 Dubai iliandaa mbio kubwa za droni, na kijana wa Kiingereza wa miaka 15, Luke Bannister, akaiongoza timu yake kuchukua dola 250,000. Baada ya hapo fremu zilizidi kupungua uzito, mikono ikawa myembamba kwa upana. Lakini mahitaji ya mwanambio si mahitaji ya mtu wa mitaani kwetu, Mbagala au Kayole. Timu ya mbio huenda uwanjani na sanduku la vipuri. Mkono ukikatika saa nne, saa nne na robo droni iko hewani.

Hapa ndipo ilipo sababu yangu ya pili ya kupendelea mikono inayotenganishika. Wengi wetu tunaagiza kutoka China, mzigo unachukua wiki kadhaa, na kuna gharama za kusafirisha na ushuru. Fremu ya kipande kimoja ikivunjika mkono mmoja, imekufa yote. Unafungua kila skrubu, unazifungua hata waya za mota zilizolehemiwa, unasubiri fremu mpya. Fremu ya mikono inayotenganishika, unafungua skrubu mbili hadi nne kwenye shina, unazihamisha waya za mota moja, na umemaliza. Chagua ile ambayo mikono yake yote minne inafanana, ili mkono mmoja wa akiba ufae kona yoyote. Na katika agizo lile lile la kwanza weka mikono miwili ya ziada. Kuiagiza peke yake baadaye kutakugharimu usafiri zaidi ya thamani ya mikono yenyewe.

Mfano mzuri ni fremu ya Source One ya kampuni ya Team BlackSheep. Michoro yake imewekwa wazi, mtu yeyote anaweza kuichukua na kukata vipande vyake. Popote penye bamba zuri la kaboni na mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, kipuri kinaweza kupatikana bila kusubiri meli wala ndege. Ukimpa mkataji kazi hiyo, mwambie kwa maneno yasiyo na shaka: urefu wa mkono ufuate nyuzi. Asipoambiwa atavipanga vipande ili bamba lisiharibike bure, na mikono yako itatoka ya mshazari.

Hapo hapo niseme kuhusu vumbi. Vumbi la kaboni ni vipande vidogo vya uzi na gundi, hukera ngozi, macho na mapafu. Unaposugua kingo kwa msasa, tumia maji, vaa barakoa ya kazi na miwani, fanyia nje, na usafishe kwa kitambaa kibichi badala ya kupuliza. Nimeona watu wakiwapa watoto kazi ya kupiga msasa huku wamekaa sebuleni. Tafadhali sana, msifanye hivyo. Kingo zikishakuwa laini zipake supa gluu nyembamba, iingie kati ya tabaka, ikauke. Inasaidia tabaka zisianze kuachana, na mkanda wa betri hautakatwa na kingo kali.

Kaboni hupitisha umeme. Waya ya betri ikisuguliwa na ukingo mpaka ngozi yake ikaisha, fremu nzima inageuka kuwa njia ya umeme, na betri ya lithiamu iliyopata shoti inaweza kuwaka moto. Funga waya kwa tepu, iweke bodi juu ya raba zake, na hakikisha hakuna ncha ya lehemu inayogusa bamba. Kaboni pia huzuia mawimbi ya redio. Antena isifichwe kati ya mabamba, itoke nje kwa nyuma, na kipokezi cha GPS kikae juu, kikiliona anga.

Na skrubu za mota: mkono wa milimita 5 kwa kawaida huchukua skrubu ya M3 yenye urefu wa milimita 8. Ukihama kwenda mkono wa milimita 4 na skrubu zile zile, ncha zinaweza kufika kwenye nyaya za shaba ndani ya mota, na mota itaungua siku ya kwanza. Kabla ya kufunga, ingiza skrubu kwenye mkono mtupu upime inatokeza kiasi gani upande wa pili.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 chini ya mamlaka yake ya usafiri wa anga, KCAA, na nchini Tanzania vibali hupitia mamlaka kama hiyo, TCAA. Kujiundia mwenyewe hakukuondoi kwenye sheria hizo, kwa hiyo waulize kabla ya kurusha, na hata kabla ya kuagiza.

Sasa kwa yule anayesikiliza na bei ya kaboni haiwezi. Usiache. Bamba la nyuzi za kioo ni zito zaidi kidogo na linanyumbuka zaidi, lakini halipitishi umeme na linaruhusu redio. Kampuni ya DJI iliuza fremu yake ya F450 yenye mikono ya nailoni, na watu wengi duniani walijifunzia hiyo. Na David Windestål wa Uswidi, mmoja wa watu waliowafundisha wengi kujiundia, alitengeneza ndege yake ya mota tatu kwa mikono ya mbao. Mbao humeza mtetemo vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kwa droni kubwa ya mwendo wa pole, ya kujifunzia kupaa na kutua, fito nne zilizonyooka zisizo na vifundo zinatosha kabisa. Mkono ukikatika, seremala wa mtaani kwenu atakukatia mwingine jioni ile ile.